Ukuta wa Stoo ya Kuni

Tulipokuwa wadogo kule Mkwiro, ng'ombe tulimjua kwa mchuzi tu. Kisiwa chetu cha Wasini ni mawe matupu, maji ya kunywa twakinga ya mvua, sasa ng'ombe utamweka wapi na utamnywesha nini? Ndiyo maana siku Baba mdogo Shee alipoagiza ng'ombe mzima wa harusi yake, avushwe kwa mashua kutoka Shimoni, kijiji chote kilishuka ufuoni kumpokea kama anayekuja ni waziri. Nilikuwa na miaka saba au minane, sina hakika. Mamangu alihesabu umri wetu kwa mvua kubwa na misiba.

Mashua ilikuwa karibu kufika. Yule ng'ombe, mwekundu, ana doa jeupe usoni, akatutazama sisi tuliokuwa ufuoni, akatazama nyuma alikotoka, akaruka. Kisha akaanza kuogelea kurudi Shimoni, kichwa juu, hana wasiwasi, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Mshike mkia! Mkia, si pembe, hayawani we!" akapiga kelele Baba mdogo.

"Hayawani ni wewe uliyesema asifungwe miguu!" akajibu nahodha.

"Nilisema asifungwe sana!"

Harusi ile tulikula pweza. Nimeanza na ng'ombe kwa sababu kila nikikaa kuandika ndiye anayenijia kwanza, na mimi si mtu wa kumfukuza anayekuja. Lakini pia ndani ya ile mashua mlikuwa na mgeni, bwana mmoja wa elimu kutoka Kwale, viatu vyake vya ngozi vimejaa maji. Ikambidi naye ale harusi. Alasiri ile watoto tukawa twaigiza kisa cha ng'ombe, na mimi ndiye niliyetoa maneno yote ya watu wazima, moja baada ya moja, kwa sauti zao, pamoja na matusi na kikohozi cha nahodha. Bwana yule alicheka mpaka akavua miwani.

"Maneno yote haya umeyashikaje?" akaniuliza.

"Sikuyashika. Yamekaa yenyewe."

Miaka mitatu baadaye akarudi, safari hii amevaa kandambili. Alikuwa akitafuta watoto wa shule mpya ya bweni, shule ya watoto wenye vipawa, ambayo ingekusanya wa pwani na wa bara, wa kila kabila na kila dini, mradi mtoto awe na kitu kichwani. Akatupanga mstari, akatupa kitabu ambacho hatujapata kukiona, kila mtoto asome ukurasa uleule.

Hapa niseme ukweli wangu, maana wengi mlionisoma huko nyuma mwadhani nilizaliwa na kalamu mkononi. Shule yetu ya kijiji ilikuwa na kitabu kimoja na watoto arubaini. Mwalimu akisoma, sisi twaitikia. Mara ya pili mimi nishahifadhi kitabu chote, na herufi sijui hata moja. Zile nilizozijua zilikuwa za chuo cha Kurani, za Kiarabu, nazo nilizijua kwa kuimba. Basi siku ile nilikuwa wa kumi na moja kwenye mstari. Kumi walionitangulia walisoma wakigugumiza, huyu kakwama hapa, yule kakwama pale, nami nikaviunganisha vipande vyao. Zamu yangu ilipofika nikakiinua kile kitabu, nikayatoa maneno kama maji ya mtungi. Yule bwana akaandika jina langu, akalipigia mstari chini.

Kijiji kikanichangia sanduku la bati, blanketi na kanzu ya Ijumaa. Mamangu alinishika mabega pale kwenye mashua, akasema, "Masudi, nishawaambia watu wote mpaka Shimoni mwanangu kaitwa. Usinirudishie uso chini." Nikamwambia, "Inshallah, mama." Nikaketi juu ya sanduku langu, nikawapa watu mgongo, maana mimi peke yangu nilijua huko kusoma nilikoitiwa sikuwa nako.

Shule ilikuwa juu ya kilima nyuma ya Msambweni, katika majumba ya mzungu mmoja wa minazi aliyeondoka akaacha hata mapazia. Watoto tulikuwa kama sitini. Mmoja alipiga hesabu akiwa anaruka kamba. Msichana mmoja wa Majoreni alisikia sauti ya gari lililo mbali akakwambia lina magurudumu mangapi. Kitanda changu kilikuwa kati ya vitanda viwili ambavyo sijavisahau: kulia Munga, kushoto Otieno.

Munga alikuwa Mduruma wa kule Kinango, mtoto wa mbuzi na vumbi. Kipawa chake kilikuwa jicho. Akitupa macho mara moja kwenye mstari wa asubuhi, alikwambia, "Wamepungua wawili, mmoja mfupi wa nyuma." Mwalimu mkuu aliacha kuita majina, akawa amuuliza Munga. Otieno alizaliwa Ukunda, babake mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, na yeye alichora chochote kilichosimama na kisichosimama. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha haraka, sisi wa visiwani tukikicheka, naye akitucheka sisi. "Nyinyi mnaongea kama mko msikitini hata mkiomba chumvi," alisema.

Basi tulicheka hivyo, kisha tukala. Sinia moja, watoto wanne wanne. Siku ya kwanza kupikwa mkunga, yule samaki mrefu, Munga alitazama, akanawa mkono tena, akajitenga. "Huyu ni nyoka," akasema, "na nyoka hata akikaa baharini ni nyoka." Mamake alipokuja kumtazama, alileta kibuyu cha maziwa ya kuganda yenye harufu ya moshi. Zamu yangu ikawa ya kujitenga. "Kunywa, wewe," Munga akanambia, "mbona mimi nalala karibu na kanzu yako nayo hainukii vizuri?" Nikanywa. Nilikimbia nje, lakini nilikunywa. Ijumaa sisi twenda msikitini, Jumapili kina Otieno waenda kanisani, na Munga, ambaye kwao waliwatambikia wazee wao wa zamani, hakuwa na pa kwenda siku zote mbili. Tukimhurumia. Ikatuchukua muhula mzima kugundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa na siku mbili za kulala.

Nilimpa Munga kisa cha ng'ombe nikitaraji acheke. Hakucheka. "Mlimvusha peke yake?" akauliza. "Nyinyi ndio hamkujua. Ng'ombe mmoja hasafiri. Mngemwekea mwenzake hata ndama, angetulia."

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Darasani nilikuwa salama, maana kila kilichosemwa nilikuwa nacho. Hesabu za kichwa niliziweza. Shida ilikuwa ubao. Mwalimu akiandika nasi twanakili, nami nikinakili kila kitu sawasawa, kwa kukitazama kama unavyotazama ramani. Wiki ya kwanza haijaisha, Otieno akainama juu ya daftari langu.

"Hii ni nini?" akauliza, kidole kwenye mstari uliopinda.

"Ni kilichoandikwa."

"Hiyo ni ufa, bwana. Ufa ya ubao. Umeandika ufa." Akanitazama. "Na umeanzia huku mwisho. Wewe hauandiki, Masudi. Wewe unachora. Mimi ndio mchoraji hapa, najua."

Nilitaka ardhi ipasuke. Munga alikuwa ameketi nyuma yetu, akasikia yote. Nikawaomba, wallahi, kwa heshima ya mama zao, wasiseme. Hawakusema. Ila Munga aliuliza jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyepata kuniuliza: "Wataka kusoma, au wataka tu usijulikane?"

Kengele ikalia. Kisha nikasema nataka kusoma. Na nilipolisema nikalishika. Mimi ni mtu mwenye makosa mengi, nimeacha wake wawili na kazi tano, lakini hilo sikuliacha.

Herufi alinifundisha Otieno kwa michoro. A ni kibanda chenye boriti, S ni huyo nyoka wa Munga, M ni mawimbi ya kwenu. Kwa siku nane nilikuwa nazo zote. Nikadhani nimemaliza. Tukachukua kitabu cha darasa, Munga akanisomea sentensi moja kwa mfano, kisha nisome mimi. Nikasoma. Ukurasa mzima. Otieno akarukaruka. Munga akaugeuza ukurasa juu chini, akasema, "Soma sasa." Nikasoma vilevile, bila kukosea.

Hapo ndipo tulipojua ugonjwa wangu. Kichwa changu hakikuacha macho yafanye kazi. Kilikuwa kama mtoto mwenye kiherehere anayemjibia mwenzake kila anapoulizwa. Kitabu chochote kilichopata kusomwa mbele yangu kilikuwa kimekwisha thamani, na mle shuleni vyote vilikuwa vishasomwa. Tukatafuta maneno mapya. Nikasoma magunia ya unga, mikebe ya mafuta, magazeti yaliyofungiwa sabuni. Kila kimoja nilikisoma kwa jasho mara moja, na mara ya pili kikawa kimeingia kichwani, hakina faida.

"Huyu anahitaji maneno ambayo hayajawahi kusemwa duniani," akasema Otieno.

"Basi tumtukane," akasema Munga.

Nyuma ya jiko palikuwa na stoo ya kuni yenye ukuta mweupe wa chokaa. Kila alasiri, wenzetu wakicheza mpira, hawa wawili waliandika kwa makaa tusi moja jipya, na mimi sikuruhusiwa kuondoka mpaka nilisome. Wakishaona nimelisoma wanalifuta kwa kitambaa cha maji, kesho lingine. La kwanza lilikuwa MASUDI NI KUKU. Lilinichukua muda wa kupika maharagwe. Nikafika KU, nikajua nakaribia kutukanwa, nikaongeza bidii. Kesho yake MASUDI ANAOGOPA MBUZI, hilo la Otieno. Kisha MASUDI AKILALA ATOA MATE KAMA KOBE, hilo la Munga, na tuligombana kweli, maana sikuamini kobe hutoa mate. Nanyi wenzangu mwajua, mtu hujifunza upesi sana anapotaka kujua kasemwa nini. Nililala nikiyawaza yale matusi, nikaamka nayataka.

Bi Mwanasiti, mpishi wetu, alitukuta siku moja. Mama mnene, mpole, mikono ya nazi. Hakujua kusoma.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti," tukasema sote kwa pamoja, haraka mno.

"Marahaba. Mwaandika nini kwenye ukuta wangu?"

"Hesabu," akasema Otieno.

"Hesabu gani yawachekesha hivyo?"

"Ya kujumlisha," akasema Munga, uso mkavu.

Akaguna, akachukua kuni zake. Ukutani palikuwa pameandikwa MASUDI ANA MASIKIO YA TAA, yule samaki mpana. Bi Mwanasiti akageuka mlangoni, akanitazama masikio, akaenda zake. Mpaka leo sina hakika kwamba hakujua kusoma.

Ilipita miezi. Matusi yakawa marefu, yakaingia koma na nukta. Alasiri moja nikakuta mstari mfupi kuliko yote. Nikaanza taratibu, nimejiandaa kuumia. MASUDI SASA. Nikangoja. WAJUA. Nikasema haya, yaja. KUSOMA. Nikalitafuta tusi lililofuata, nikaangalia mpaka kwenye pembe ya ukuta. Halikuwapo. Nikageuka, wote wawili wanatazama chini kama walioiba. Tukaufuta ukuta pamoja.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Hamadi, hakuwa mtu mbaya. Nataka hili lieleweke. Shule ilikuwa changa, wakubwa wa Kwale na Mombasa walikuja mara kwa mara kuitazama kama ina maana, na kila walipokuja aliniita mimi. "Huyu ametoka kisiwani, hakuwa na kitabu. Msikilizeni." Nami nikisimama na kitabu, nikitiririka, wageni wakitikisa vichwa. Jambo moja tu sikulitia maanani wakati ule: kila mara alinijulisha jana yake. "Kesho, Masudi, ukurasa wa kumi na mbili." Nami nikimpa Munga anisomee mara moja, basi.

Mwisho wa mwaka likaja lile jambo tuliloliogopa sote. Wakubwa watatu walikuja kuwapima watoto upya. Aliyepanda abaki, aliyeshuka arudishwe kwao, kitanda chake apewe mwingine. Chumba kimoja, mlango wazi, watoto tumepangwa kwenye baraza twasikia yote. Ukurasa mmoja kwa wote, kama kule Mkwiro. Mimi nilikuwa wa tisa. Alipomaliza wa nane, ule ukurasa nilikuwa nao wote, na pumzi zake.

Nikaingia. Nikatoa salamu. Nikapewa kitabu. Mwalimu Hamadi alikuwa amesimama dirishani, akatabasamu, ametulia kabisa upande wangu. Nikamkumbuka mamangu. Nikaukumbuka ukuta. Nikasema, "Wazee wangu, naomba ukurasa mwingine."

"Kwa nini?"

"Huu nishausikia."

Wakatazamana, wakanifungulia mbele huko, kwenye hadithi ya mtu na kisima. Nikasoma. Nilisoma kwa kidole, neno, neno, jasho laniingia machoni. Nilikwama kwenye "mnyororo," nikarudi, nikalipata. Nilikosea matatu. Lakini wallahi, nilipofika mwisho nilijua mtu yule kafanya nini na kisima, na hakuna aliyenisomea. Ningecheka, kama si zile nyuso.

"Huyu ndiye yule wa kisiwani?" mmoja akamuuliza Mwalimu Hamadi. "Mbona ameshuka hivi?"

Mwalimu Hamadi akanifuata nje, akanipeleka mpaka chini ya ngazi.

"Umeniua, mwanangu," akasema. "Nimewaomba. Kesho asubuhi watakusikiliza tena, ukurasa wa ishirini. Soma kama ulivyosoma siku ile kwenu."

"Siku ile sikusoma, Mwalimu."

Alitoa leso, akajifuta shingo. "Najua," akasema. "Nimejua tangu wiki ya kwanza."

"Leo ndiyo nimesoma."

"Hilo nalo najua." Akanitazama kwa huruma kabisa. "Basi kesho usisome."

Nina wajukuu Ukunda sasa, wako kwenye shule nzuri, yaani nzuri hasa, ina basi. Mmoja anambia, "Babu, sisi darasani tuko watu wa kila mahali." Nikamuuliza jirani yake wa dawati ala nini kwao, akaniambia hajui, kila mmoja ana kisanduku chake cha chakula na kila mmoja ana simu yake. Nikamuuliza nambari ya mamake, hajui, iko kwenye simu. Nikamsomea mimi, kwa kichwa, na ya babake, na ya muuza samaki. Akanitazama kama nimetoa njiwa kwenye kofia. Simlaumu. Hajawahi kulazimika kuweka kitu kichwani, wala hajawahi kukitoa kichwani ili aingize kingine. Wala hakuna mtu amempenda kiasi cha kumbunia tusi jipya kila siku kwa miezi. Mimi nimefungua injini za boti miaka thelathini kule Shimoni, nikisoma kila kitabu cha injini mwenyewe, polepole, kwa kidole, na haikuzama boti hata moja kwa kosa langu. Cheti sina. Wenzangu wa rika mwaniuliza kwa nini sikumaliza shule na kichwa changu kile, nami miaka yote nimewajibu kwa mzaha. Leo nimewajibu.

Asubuhi ile niliamka mapema, nikatandika kitanda vizuri kwa ajili ya atakayekuja. Munga alikuwa macho, ameketi. Alinisaidia kufunga kishikizo cha sanduku kilichokuwa kigumu, akakipiga kwa ngumi mara mbili. Otieno aliamka kwa kelele ile.

"Unaenda wapi? Watakuita saa tatu!"

"Wamwite mwingine."

"Si useme tu hiyo ukurasa! Dakika moja, Masudi! Utakuwa umebaki!"

"Naijua dakika hiyo," nikasema. "Niliishi nayo mwaka mzima."

Nikaliweka sanduku kichwani. Mwalimu Hamadi alikuwa barazani kwake na kikombe cha chai. Nikamwambia shikamoo, akasema marahaba, na wote wawili tukaiacha hapo. Otieno alinifuata mpaka kwenye uzio, akasimama, akaniita jina mara mbili. Umande ulikuwa mwingi, njia inateleza, na sanduku la bati likigeuka nalo linakugeuza. Sikugeuka. Nikateremka kilima, nikashika barabara ya Shimoni, na shule ile sikuikanyaga tena.